Mwalimu Anayejifulia

Mwalimu Rozalia hakuwahi kuingia darasani bila andalio la somo, na kwa hiyo kosa la kuonyesha filamu aliyoitazama nusu tu halikuwa kosa la kawaida yake. Ijumaa jioni umeme ulikatika mtaani kwake Nsemulwa, mara tu baada ya sehemu ambayo mwalimu wa kike katika filamu anamkatalia mwenyekiti wa kijiji mbele ya mkutano mzima. Rozalia alifunga kompyuta yake akiwa ameridhika. Aliamini kwamba nusu iliyobaki ingefuata mwendo uleule.

Filamu ilikuwa ya Kiingereza, ya nchi ya milima na baridi kali. Ilimhusu Mwalimu Irena, mwanamke asiyeolewa, aliyeshuka peke yake na sanduku lake katika kijiji cha wachimba makaa. Aliwakuta wasichana wameketishwa nyuma ya darasa, akawaleta mbele. Wazee wakanung'unika, naye akaendelea kufundisha. Rozalia, mlezi wa wasichana na msimamizi wa hosteli katika sekondari moja ya mjini Mpanda, aliichagua kwa ajili ya klabu ya wasichana. Hakumwambia mtu kwamba katika uso wa Irena alikuwa ameuona wa kwake.

Haikuwa majivuno matupu. Alikuwa binti wa wakulima wa mpunga wa Mpimbwe, aliyesoma kwa kukopa vitabu na kuvirudisha kabla ya siku yake. Nyumba yake ya matofali ya kuchoma, yenye bati la buluu, aliijenga kwa mshahara wake bila mume wala shemeji kushika mwiko wa fundi. Kanisani akina mama waliwaambia binti zao, "Muoneni Mwalimu Rozalia," na mabinti walimtazama.

Kilichobaki kilikuwa lugha. Wasichana wengi Kiingereza kiliwapiga chenga, na sinema ya kigeni Mpanda haiendi bila mfasiri. Katika mabanda ya video huwa kuna mtu mwenye kipaza sauti anayesema kwa Kiswahili kila linalosemwa, pamoja na mengi yasiyosemwa. Wa banda la mtaa wa Shanwe aliitwa Hezron, naye alikubali kuazimisha projekta na spika zake. Kipaza sauti, hata hivyo, Rozalia alisema atakishika mwenyewe.

"Sawa, madamu," Hezron alimwambia alipokuwa akifunga nyaya. "Ila sheria ya kazi yetu ni moja. Picha ikinyamaza, wewe usinyamaze. Mtu hajaja kuangalia ukuta."

"Mimi nitafasiri yaliyosemwa, Hezron. Siongezi chumvi."

"Haya. Chumvi utaitafuta mwenyewe."

Asubuhi ya Jumamosi, siku ya kuonyesha filamu, kabla ya kwenda shuleni, jambo jingine lilikuwa limezungumzwa nyumbani, na lilikuwa dogo kiasi kwamba Rozalia alidhani amelimaliza.

Joséline alikuwa akimpigia pasi blauzi nyeupe. Msichana huyo wa kidato cha pili aliishi kwa Rozalia tangu alipoanza sekondari. Baba yake, mzee Callixte, mfuga nyuki wa Ugalla, alimleta na ndoo ya asali na maneno machache: "Mwalimu, huyu sasa ni wako. Akikosa, mchape. Akifaulu, sifa ni yako." Hakuna aliyeona ajabu. Karibu kila mwalimu alikuwa na msichana wa namna hiyo, wazazi wa mbali wakiomba nafasi na wasichana wenyewe wakiigombea, kwa kuwa kulala nyumba ya mwalimu ni heshima. Msichana alichota maji, akapika, akafua, na alipomaliza alikuwa karibu na kitabu na karibu na mwenye kitabu. Ndivyo ilivyosemwa.

"Madamu," Joséline alisema bila kuinua macho kutoka kwenye pasi, "kile kitanda cha hosteli, cha yule aliyehamia Tabora, kimeshapata mtu?"

"Bado. Tutaamua Jumatatu. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Mtu haunguzi ukosi wa blauzi kwa kuuliza tu. Sema."

Joséline aliinua pasi haraka. "Naomba nikipate mimi. Mpaka mtihani wa taifa upite."

"Kwangu umekosa nini?"

"Sijakosa, madamu. Nakula vizuri, navaa vizuri. Ila jioni."

"Jioni ina nini?"

"Jioni sina."

Rozalia alisema atalifikiria. Kwa kweli alikuwa amekwisha kulifikiria. Katika kikao cha taaluma cha wiki hiyo alikuwa amemwambia Mwalimu Respicius, mwalimu wa taaluma, kwamba Joséline ni mtoto mzito wa kuelewa, anahitaji kuwa karibu na macho ya mlezi, na hosteli ina kelele. Aliyasema hayo kwa utulivu, jinsi alivyosema kila kitu, na Respicius alikubali bila swali. Rozalia hakujiuliza ni nani angesubiri maji ya mgao jioni, ni nani angeweka maharage jikoni, ni nani angesugua vumbi jekundu la Mpanda kwenye mapindo ya sketi. Alichokijua ni kwamba mzee Callixte alikuwa ameshatamka neno lake: mtoto akishindwa mtihani wa kidato cha pili, anarudi Ugalla kulima, maana hakuna faida ya kumweka mjini mtoto asiyeshika masomo.

Saa za alasiri darasa kubwa lilijaa. Madirisha yalizibwa kwa kanga na mablanketi ya hosteli, na joto likawa la chumba chenye watu wengi na bati moja. Rozalia alisimama kando ya ukuta mweupe, blauzi yake imenyooka, akaanza.

Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Sauti yake ilikuwa imezoea kufika dawati la mwisho. Irena alipowahamisha wasichana mbele, darasa lilipiga makofi. Irena alipomwambia mwenyekiti, "Mimi sikuja hapa kutafuta mume, nimekuja kutafuta chaki," wasichana walipiga kelele hadi Hezron akacheka kwenye spika zake.

"Madamu Rozalia huyo!" Aurélie wa kidato cha nne aliita kutoka nyuma. Aurélie hakuwa na sauti ya chini. "Kakosa kofia tu!"

"Na kimo!" mwingine aliongeza.

"Nyamazeni, tusikilize," Rozalia alisema, lakini alitabasamu, na gizani tabasamu hilo lilidumu.

Kisha ikafika sehemu ambayo hakuwa ameiona.

Ilikuwa siku ya baridi uani kwa Irena. Hakuna aliyesema neno. Mwalimu alikunja mikono ya gauni, akainama juu ya beseni, akaanza kufua nguo zake. Kamera ilikaa pale. Maji yalitoa mvuke, vidole vyake vikawa vyekundu. Akakamua shati, akalikung'uta, akaliweka kando, akashika jingine.

Kicheko kilianzia kwa wadogo wa kidato cha kwanza, kikasambaa.

"Mwalimu anafua!"

"Anafua mwenyewe!"

"Madamu," mtoto mmoja aliuliza kwa mshangao wa kweli, "kwani hana wanafunzi?"

Darasa zima liliangua kicheko, si cha kejeli, bali cha watu walioona filamu imekosea jambo ambalo kila mtu analijua. Rozalia alikisogeza kipaza sauti mdomoni. Hezron, kutoka kwenye meza ya projekta, alizungusha mkono hewani: ongea, madamu, ongea.

"Shule imefungwa," Rozalia alisema. Sauti yake ilitoka spika zote mbili. "Wanafunzi wameenda likizo."

Wakati huohuo msichana mwenye sare na mkoba aliingia katika ua wa Irena.

"Si huyo hapo!" Aurélie alipaza. "Huyu kasahau likizo!"

Msichana wa kwenye filamu aliweka mkoba chini na kunyoosha mikono kwenye beseni. Irena aliisogeza mikono hiyo, taratibu, kwa kiwiko kilicholowa. Alisema maneno machache ya Kiingereza chepesi, ambacho kwenye karatasi hata kidato cha pili wangekipata: kwamba nguo hizi ni zangu, na mikono yako ina kazi yake; kaa, unisomee.

Rozalia aliyaelewa yote. Aliyaona yakipita mbele yake moja moja. Pembeni mwa macho alimwona Joséline, ambaye alikuwa ameketi karibu na mlango kwa sababu ilimbidi aondoke kabla ya filamu kuisha akaweke maharage jikoni.

"Anamwambia," Rozalia alisema, "leo umechelewa, binti. Pumzika kwanza. Utafua kesho."

Msichana wa kwenye filamu aliketi juu ya ngazi, akafungua kitabu, akasoma kwa sauti huku mwalimu wake akifua. Sura zile mbili hazikufanana hata kidogo na kukemewa kwa kuchelewa. Kukawa na minong'ono.

"Madamu, samahani," Aurélie alisema. "Mimi nimesikia vingine."

"Umesikia nini, Aurélie?"

"Sina uhakika. Nimesikia *mikono*. Joséline! Wewe ndiye Kiingereza kinakukaa. Kasemaje?"

Vichwa viligeuka mlangoni. Ilikuwa kweli, na Rozalia, ambaye ndiye aliyemfundisha Kiingereza hicho, alikuwa akijua kwamba ni kweli hata siku alipomwita mzito. Joséline alisimama, kwa kuwa mwanafunzi husimama anapojibu. Mwanga wa projekta ulimpiga ubavuni. Alimtazama Rozalia kwa muda ambao ungetosha kusema sentensi yote ya Irena, kisha akainamisha uso.

"Madamu amefasiri sawasawa," alisema.

Akakaa. Baadaye kidogo akanyanyuka tena na kutoka nje kimya, maana maharage hayangojei.

Rozalia alifasiri filamu hadi mwisho. Hakukumbuka baadaye alichokisema. Alikumbuka makofi tu, na jinsi alivyotaka yakome. Watu walipotawanyika, Hezron alikuwa akikunja nyaya kwenye kiwiko chake.

"Madamu, mimi nadanganya watu kila siku kule Shanwe," alisema kwa furaha. "Lakini uongo wako una shahidi! Mimi sijawahi kupata shahidi." Alisema hivyo kama sifa, kisha akauona uso wake, akaanza kutafuta soketi iliyokuwa mbele ya macho yake.

Nyumbani maharage yalikuwa yameiva. Pipa lilikuwa limejaa, maji ya kuoga yalikuwa tayari na kanga safi ilining'inia mlangoni. Joséline alikuwa barazani akichambua mchele wa kesho wakati mwanga wa jua ukiwa bado upo. Kitabu chake cha Biolojia kilikuwa juu ya kigoda, kimefungwa.

Rozalia alikaa ngazini. Hakuwa amewahi kukaa hapo.

"Kwa nini ulisema vile?"

"Vipi, madamu?"

"Unajua."

Joséline aliendelea kuchambua. Aliondoa kokoto, akaitupa uani. "Ningesemaje? Nalala kwako."

Hakulisema kwa ukali. Kama angelisema kwa ukali, Rozalia angeweza kumkaripia, na karipio lingekuwa mahali pa kujificha. Alibaki akiitazama mikono ile ya msichana, yenye ngozi iliyochanika kwenye vifundo kwa sabuni ya mche, mikono ambayo kila siku ilimwekea chakula mezani bila yeye kuiona.

"Kitanda kile ni chako," alisema. "Utahama kesho baada ya misa."

Mikono ilisimama. Lakini uso wa Joséline haukufurahi. Uliingia hofu.

"Madamu unanifukuza?"

"Sikufukuzi. Si uliomba?"

"Niliomba uniruhusu. Sasa ni kwa sababu ya filamu. Watu watasema nimekuaibisha, ukanitoa. Baba akisikia nimetolewa kwa mwalimu, hataniuliza. Atakuja na baiskeli anirudishe Ugalla." Aliweka ungo chini. "Bora nibaki, madamu. Nitasoma alfajiri."

Rozalia alitambua hapo kwamba kumfungulia mlango hakukutosha. Kila mlango wa nyumba yake ulikuwa na maelezo yake mtaani, na maelezo hayo yote yangemwangukia mtoto. Alichukua simu, akampigia mzee Callixte mbele ya Joséline.

"Mwalimu wetu!" Sauti ya mzee ilikuja na upepo wa porini nyuma yake. "Mtoto kakosa?"

"Hakukosa, mzee. Nampeleka hosteli ili apate muda wa kusoma. Mimi ndiye niliyemkosea. Nimempa kazi nyingi za nyumbani, na masomo yake yamerudi nyuma kwa ajili yangu."

Mzee akacheka kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwenzake kushuka kwenye unyenyekevu uliozidi.

"Aa, mwalimu, wewe unataka kumfichia. Mwalimu anamkoseaje mtoto? Wewe ni mama yake. Kazi ni mafunzo. Kama kakosa, sema tu, mimi si mtu wa hasira."

"Mzee Callixte, nisikilize. Mtoto si mzito. Niliwaambia walimu ni mzito, na halikuwa neno la kweli. Akishindwa mtihani huu, aliyeshindwa ni mimi. Usimrudishe."

Safari hii mzee hakucheka. "Basi nimekusikia," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua kitu, ambacho Rozalia alikitambua: ilikuwa heshima, ile ya ndoo ya asali. "Asome. Tutaonana mtihani ukipita." Hakuuliza, kama alivyozoea, kama asali imekwisha wala kama amtumie nyingine.

Jumapili, baada ya misa, walitoka na sanduku la bati la Joséline. Rozalia alitaka kulibeba mwenyewe.

"Hapana, madamu, nakuomba. Wataona sina adabu."

Walipatana kushika kila mtu mpini wake. Sanduku liligonga magoti yao njia nzima, kwa kuwa hatua zao hazikulingana. Mama mmoja, muuza samaki aina ya migebuka kwenye njia panda, aliinuka kwenye kiti chake.

"Mwalimu! Na mtoto na sanduku! Kafanya nini tena huyu? Mimba?"

Joséline aliufunga uso wake kama dirisha. Kulikuwa na wanunuzi wanne wamesimama hapo, mmoja wao mzazi wa msichana wa klabu. Rozalia angeweza kusema, *anahamia hosteli tu*, na akapita. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na yangewaachia watu nafasi ya kujaza waliyoyataka.

"Hakufanya kitu, mama," alisema, akiliweka sanduku chini ili aseme vizuri. "Nilimfanya mtumishi wangu, na baba yake alimleta awe mwanafunzi. Sasa nampeleka akasome."

Mama muuza migebuka alimtazama, akamtazama Joséline, akapepea nzi kwenye samaki wake. "Haya," alisema. "Na sisi sote tulikuwa tunasema huyu mtoto ana bahati."

Walipofika hosteli, Rozalia aliufungua mlango, akaonyesha kitanda, akarudia sheria za taa na za usafi kwa utaratibu wake wa siku zote, kwa sababu hakujua jinsi nyingine ya kuagana. Joséline alisikiliza zote. Kisha akasema, "Madamu, pipa la nyuma nimelijaza. Litakufikisha Jumanne." Rozalia alisema asante. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo kwa ajili ya maji, na wote wawili waligundua.

Jumatatu, katika chumba cha walimu, alimwambia Respicius kwamba taarifa yake juu ya Joséline haikuwa sahihi na kwamba kitanda amempa. Alieleza sababu. Karibu kila mtu pale alikuwa na msichana nyumbani.

"Mwalimu Rozalia," Respicius alisema, akikoroga kikombe cha chai ambacho hakikuwa na sukari, "si lazima mambo ya nyumbani kuyaleta ofisini."

Jioni alikunja mikono ya blauzi, akakaa uani na beseni. Hakuwa na ustadi. Sabuni ilimponyoka, povu likaingia kwenye saa yake, na pindo jekundu la sketi lilikataa kuwa jeupe. Alikuwa akisugua pindo hilo wakati lango lilipobishwa. Wasichana wawili wa kidato cha kwanza waliingia, kila mmoja na ndoo, sare zao zimefuliwa vizuri kuliko chochote kilichokuwa kwenye kamba yake.

"Shikamoo, madamu."

"Marahaba. Nani kawatuma?"

"Hakuna, madamu. Tumesikia nafasi ya dada Joséline iko wazi." Mrefu kati yao alitazama chini kwa adabu. "Mimi nafua nyeupe vizuri sana. Huyu anapika. Lakini ukitaka mmoja, chukua mmoja."

"Na kuchota naweza," mfupi aliingilia haraka, asije akaachwa. "Hata asubuhi kabla ya kuwahi namba shuleni."

Rozalia aliinua macho. Wasichana sasa walikuwa wameona beseni, mikono, povu. Walitazamana. Yule mfupi, ambaye Jumamosi alikuwa ameketi mstari wa mbele na kusikiliza kila neno lililotoka kwenye spika, alikunja paji la uso kwa juhudi ya mwanafunzi anayeunganisha somo la jana na la leo.

"Madamu," aliuliza, "kwani shule imefungwa?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye sketi. Rozalia aliiweka sketi ndani ya beseni, akafuta mikono.

"Haijafungwa," alisema. "Hata siku ile haikuwa imefungwa. Niliwadanganya. Wekeni ndoo chini, niwaambie alichokisema yule mwalimu."